Msasa kwenye Nailoni ya Kioko

Jumatatu, 9 Juni

Dawa za asubuhi nimemeza, zote tano. Uji nusu kikombe. Mwende, binti yangu, amenifunika magoti kwa shuka na kwenda kuanika nguo. Amechukua likizo kazini, ameacha nyumba yake Syokimau, amekuja kunitazama nikifa. Hasemi hivyo. Mimi nasema.

Nimeficha jambo moja kwa miaka sita. Niliharibu uzi wa kuvulia wa rafiki yangu Kioko. Kwa mkono wangu, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu. Hakuna anayejua.

Daktari anasema moyo umechoka. Zamani alitaja miezi, siku hizi anataja wiki. Basi nitaandika yote. Lakini hili liandikwe kwanza, lisije likapotea: kwa mtu anayevua akiwa ukingoni, uzi wa kusukwa kwa nyuzi nyingi ni bora kuliko nailoni ya uzi mmoja. Nilisema hivyo nikiwa mzima, nasema hivyo sasa. Kuungama si kugeuza maoni.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Mawingu hayajaondoka tangu alfajiri.

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja. Kioko alifanya kazi kiwanda cha saruji, Athi River. Aliishia darasa la saba. Tulikutana bwawani baada ya kustaafu, wazee wawili wa Kikamba na fimbo za kuvulia. Watu wa kwetu walitucheka. Mbuzi wapo, sisi tunakodolea maji macho. Yeye na nailoni yake, mimi na uzi wangu. Tulibishana kila Jumamosi.

Hoja zangu hazijapingwa mpaka leo. Uzi wa kusukwa ni mwembamba, kwa hiyo unakwenda mbali ukirushwa. Mvuvi wa ukingoni hana mashua ya kumfuata samaki. Hauvutiki, kwa hiyo kambale akigusa chambo mita hamsini mbele, kidole kinajua papo hapo. Nailoni inavutika kama lastiki, habari inafika imechelewa. Tena bwawa letu limejaa visiki vya miti iliyozama. Kambale akipata nafasi ya kukimbilia kisiki, umempoteza. Uzi wangu haumpi nafasi.

Kioko alikuwa akisikiliza yote mpaka mwisho. Kisha anasema, "Mwalimu, samaki hajasoma hiyo." Watu wanacheka. Halafu anarusha nailoni yake na kutoa samaki.

Alhamisi, 12 Juni

Katekista amekuja kuniombea. Akauliza kama kuna mzigo moyoni. Nikamjibu kwamba upo, ni wa uzi wa kuvulia, ila yeye hawezi kuutofautisha na kamba ya mbuzi. Mwende amenuna tangu hapo. Sijali. Niliyemkosea si katekista.

Siku ile ilikuwa hivi. Kioko aliniachia fimbo yake niilinde, akapanda kibandani kutuletea chai. Nilikuwa na kipande cha msasa mfukoni, nilikuwa nakitumia kunolea ndoano. Nilivuta nailoni yake, nikapima shibiri mbili kutoka kwenye ndoano, nikapitisha msasa mara tatu. Alama huioni kwa macho. Lakini najua nailoni. Mkwaruzo kidogo tu na nguvu zake zinakwisha.

Alirudi na chai yangu yenye sukari nyingi, kama ninavyopenda. Nikanywa.

Haikupita saa moja. Kambale wa ukubwa ambao sijauona tena. Kioko alipambana naye hadi watu wote wa ukingoni wakaacha fimbo zao. Akamleta mpaka maji ya magotini, tukaona mgongo. Uzi ukakatika.

Nilisema kwa sauti ili kila mtu asikie: "Si nilikwambia nailoni?"

Ijumaa, 13 Juni

Sikulala vizuri. Namalizia ya jana.

Jumamosi iliyofuata Kioko alikuja na uzi wa kusukwa. Nilimfungia fundo mwenyewe. Alinishukuru mbele ya watu, akasema amekuwa mjinga miaka mingi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwendea tena kuuliza habari za uvuvi. Wakaja kwangu.

Miezi mitatu baadaye ndoano yake ilinasa kwenye kisiki. Mtu wa nailoni huzungusha uzi mkononi na kuvuta. Mkono wa Kioko ulizoea hivyo. Uzi wa kusukwa ukiuzungusha hivyo unakata kama wembe. Ulifika kwenye kano ya kidole cha shahada. Kidole hakipindi mpaka leo.

Sikuwa nimemwonya. Nilimfundisha sifa za uzi tu. Ubaya wa uzi nilimfichia, kwa sababu nilikuwa nimeshinda, na mshindi hataji makosa ya upande wake.

Kesho nitakwenda bwawani. Mwende amekataa. Nimemwambia atanipeleka kwa gari au nitakwenda na fimbo ya kutembelea, na akinikuta barabarani nimeanguka asiniinue.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda. Mwende aliniwekea kiti cha plastiki kando ya maji kabisa, akarudi kukaa ndani ya gari.

Kioko alifurahi kuniona. Akasema nimekonda, nafaa kuwa chambo. Alikuwa anafunga ndoano, kile kidole kigumu kimesimama pembeni kama cha mtu anayeshtaki. Nikaona nikingoja afunge fundo nitapata sababu ya kungoja tena. Nikamwambia. Msasa, mara tatu, yote.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

Alitazama maji. Halafu akauliza, polepole, "Hii kidole ilikatwa na uzi wako, Mwalimu?"

"Ndiyo."

"Na mimi nikakushukuru."

Alikunja fimbo yake, akamwaga chambo chote majini, akapanda hadi kwenye gari. Alimwambia Mwende anirudishe nyumbani, babake anasikia baridi. Hakugeuka.

Sitamwomba anisamehe. Nilikwenda kumpa ukweli, sikwenda kuomba.

Jumapili, 15 Juni

Miguu imevimba. Sikwenda kanisani. Kioko hajapiga simu. Jumapili hupiga simu.

Jumatano, 18 Juni

Habari imeenea. Mzee mmoja wa bwawani amenipigia, akaniita mwizi wa samaki. Nikamwambia mwizi angalau hula. Akakata simu.

Kisha akapiga tena, hiyo ndiyo iliyonichoma. Anasema sasa wanaamini uzi wa kusukwa haufai, kwamba sifa zake zote zilikuwa uongo wangu. Hapana. Hilo sikubali hata nikiwa jenezani. Mimi nilidanganya, uzi haukudanganya.

Nimemwita Mwende. Nikamwambia alete ndoo, maji na koili zangu mbili za uzi, moja ya kusukwa, nyingine nailoni mpya ambayo haijaguswa. Unene uleule, nilipima mwenyewe. Tukafunga kwenye boriti ya ghala la mahindi. Nimekaa kwenye kiti, yeye anamimina kwa jagi na kuhesabu kwa sauti. Alifikiri nimechanganyikiwa, lakini alihesabu vizuri. Tulianza na nailoni. Ilirefuka, ikarefuka, ikakatika ndoo haijajaa. Uzi wa kusukwa ulibeba ndoo nzima. Mwende akaongeza jiwe la kusagia juu yake. Ukabeba.

Nilipiga makofi. Kifua kiliuma, nikaendelea kupiga. Nilikuwa sahihi. Hata siku ile nilikuwa sahihi. Ningeweza kuwaonyesha hivi, kwa ndoo, mbele ya wote, na wangeona.

Mwende aliweka jagi chini. Viatu vyake vilikuwa vimelowa.

"Sasa Baba, kama uzi wako ulikuwa unashinda, msasa ulikuwa wa nini?"

Nilimwambia apeleke ndoo jikoni.

Alhamisi, 19 Juni

Sijaandika kitu. Swali lake liko hapa chumbani.

Jumamosi, 21 Juni

Jua kidogo leo. Mwende amenitoa barazani. Muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa na maharagwe, vijiko vitatu.

Kioko amempigia Mwende, si mimi. Aliuliza kama ninakula. Mwende akamwambia vijiko vitatu. Akasema sawa. Hakutuma salamu. Mwende anasema kwa nyuma ya simu alisikia watu bwawani. Kwa hiyo alikuwa huko, anavua. Sikuuliza kwa uzi gani.

Sina nguvu za kubishana na karatasi. Naandika tu.

Miaka yote tuliyovua pamoja, tulirusha sehemu moja, saa moja, chambo kimoja. Jioni Kioko alikuwa anarudi na samaki wanne, watano. Mimi mmoja. Siku nyingine sina. Nilikuwa na uzi bora na maelezo yote. Nilipompokonya nailoni nikamtia uzi wangu mkononi, alirudi na samaki watano. Baada ya kidole kukatwa, wanne.

Kioko ni mvuvi kuliko mimi.

Nililijua hilo kabla ya kutoa msasa mfukoni.