Mgeni wa Msamaha wa Ada

Jumapili, 9 Desemba 1962

Jamhuri! Mji mzima umevaa bendera, na nusu ya bendera hizo kashona baba yangu. Watu wanampigia kelele: Fundi Abbasi, mwaka huu ni wako! Anacheka tu. Cherehani ni ya Mhindi, vitambaa ni vya serikali, cha kwake ni mgongo unaouma.

Sikwenda uwanjani. Nimefaulu darasa la nane, nimepata nafasi ya darasa la tisa, shule ya bweni. Furaha ilidumu mpaka Baba aliposoma ada. Aliikunja ile karatasi, akaomba maji ya kunywa. Mama amekwenda Urambo kumsaidia mjomba shamba la tumbaku, labda kitapatikana kitu. Labda! Mwalimu Eustadia anasema upo msamaha kwa wasio na uwezo, mtu wa kamati atakuja nyumbani kuangalia hali yetu. Shule inafunguliwa tarehe 21 Januari. Asiyelipa wala kusamehewa, nafasi yake anapewa mwingine.

Jumatano, 12 Desemba

Mtu wa kamati anakuja kesho. Nilidhani atatukuta tulivyo. Kumbe simjui Bibi Mwanne, mama yake Baba, ingawa nalala naye kitanda kimoja! Tangu asubuhi anazunguka mtaa wetu wote wa Chemchem. Vikombe vya maua — vya Mama Mabruki, jirani yetu. Mkeka mpya — wa Mama Mabruki. Jogoo — wetu, wa mwisho.

Nikamwambia, Bibi, huyu anakuja kutazama shida zetu. Akanikata jicho. Enzi za misafara, anasema, waliotoka pwani na waliotoka Ujiji walikula katika nyumba hii hii, sembuse huyo wa hapo bomani! Yeye hakuzaliwa kumwonesha mgeni chungu kitupu.

Nilimtazama Baba ili aseme neno. Akaniambia nipige deki.

Alhamisi, 13 Desemba

Amekuja. Bwana Tobias. Mpole, miwani, baiskeli ina matope mpaka kwenye kengele. Si mtu wa Tabora, kahamia mwezi uliopita. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na hapo hapo Bibi akampenda.

Akatazama juu — bati. Ni la marehemu babu, limetoboka kama chujio, lakini ndoo za kukingia mvua Bibi alizificha uvunguni. Na mvua, kwa ukaidi wake, leo haikunyesha! Akatazama mkeka. Akatazama vikombe. Akalisifu gauni langu la kijani. Ni vipande vilivyobaki vya bendera, nilitaka kumwambia, lakini nilikuwa nimeshika birika, na anayemnawisha mgeni hasemi.

Wali. Jogoo. Chai ya iliki. Alipomaliza akamwuliza Baba, maisha yanakwendaje, Mzee? Na Baba akajibu, kwa adabu zake zote: "Alhamdulillahi, hatukosi."

Hatukosi! Basi hivyo ndivyo anavyojibu kila mtu hapa, hata aliyelazwa hajiwezi. Bwana Tobias angejuaje? Akaandika.

Alishukuru sana, akaondoka. Bibi anaimba jikoni. Sisi tumekula shingo ya jogoo na maembe.

Ijumaa, 28 Desemba

Tumenyimwa. Jibu ni fupi: mzazi ana uwezo.

Mvua mchana kutwa. Ndoo zimerudi kazini.

Jumatano, 2 Januari 1963

Nyamizi kasamehewa! Tulikaa dawati moja. Amekuja kutoka Nzega na baba yake, Mzee Masolwa, wamefikia kwa shangazi yake hapa hapa Chemchem, alikokaa tulipokuwa tukisoma. "Mwangaluka!" — Nyamizi huyo, kwa salamu ya kwao, kaingia na kibuyu cha maziwa ya mgando, meno yote nje. Ng'ombe wa baba yake wamejaa kwa wajomba, kwa mashemeji, kila kijiji wapo. Lakini Bwana Tobias alikuta nyumba ya nyasi na kigoda kimoja. Akaandika: hana uwezo.

Nilimwambia maneno makali. Naona haya hata kuyarudia. Hakukasirika. Akasema wale ng'ombe ni mahari za kaka zake, na njaa ikiingia ndio akiba yao, hawauzwi ovyo. Halafu akaniuliza, na nyinyi bati lenu, mbona hamliuzi?



Swali hilo nimelifikiria siku nzima. Binti wa tajiri mmoja mwenye malori, tuliyefaulu naye, kalipiwa zamani, wala hajui ada ni kiasi gani. Nyamizi kasamehewa. Sisi wa katikati tumesifiwa usafi. Hata nikiambiwa nigawe mimi, sijui ningeanzia wapi, kwa sababu Nyamizi naye hana viatu. Najua tu kwamba nimeonewa, na simwoni aliyenionea. Maziwa yake niliyanywa. Yalikuwa matamu, na hilo nalo limeniudhi.

Jumatatu, 7 Januari

Mwalimu Eustadia kamfuata Baba kwa Mhindi, kamnyanyua kwenye cherehani, wakaenda pamoja bomani. Bwana Tobias kasikiliza. Atakuja tena mara moja, Jumamosi. Lakini safari hii Baba aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hawezi. Mwalimu hawezi kumsemea.

Jioni nilimsikia Baba barazani, peke yake. Siwezi, anasema polepole. Siwezi. Kama mtoto anayejifunza Kiingereza. Nikarudi ndani nikalia.

Alhamisi, 10 Januari

Bibi amekubali. Hakipikwi kitu. Hakiazimwi kitu. Jiko lisiwashwe kabisa! Ndoo zikae pale pale zinapovujiwa, mkeka uwe ule wa kwetu uliochakaa, na mgeni apewe maji kwenye kikombe cha bati.

Aliitikia kila neno, halafu akajifunika khanga usoni. Nimezeeka vibaya, anasema. Bora ningekufa na mume wangu kuliko kumlaza mtu na njaa ndani ya nyumba aliyoniachia. Halali hapa, Bibi, nikamwambia, atakaa saa moja tu! Hakucheka. Namhurumia kuliko ninavyojihurumia mwenyewe. Lakini naitaka shule.

Jumamosi, 12 Januari

Naandika chumbani, nyuma ya pazia. Mwandiko mbaya, jicho moja liko kwenye upenyo wa pazia.

Yupo. Na mvua ipo, ahsante Mungu! Matone yanapiga ndoo zote tatu. Bwana Tobias kakaa kwenye mkeka wetu uliotoboka, tone moja limemdondokea begani. Katazama juu. Katazama kikombe cha bati. Safari hii anaona, nina hakika anaona.

Anamwuliza Baba, Mzee, leo mmekula nini?

Baba kavua kofia, kaiweka gotini. Halafu: "Bwana Tobias, ukweli ni kwamba mimi si—"

Hodi! Mlango wa uani. Mama Mabruki! Kaloa chapachapa, sinia kichwani, kawa juu yake. Anamnong'oneza Bibi, lakini mnong'ono wake hufika msikitini: "Nimeona baiskeli ya mgeni na moshi hakuna. Nikasema, Bibi Mwanne aaibike na mimi nipo?"

Wali wa nazi. Nyama. Na vile vikombe vya maua.

Hakuna aliyemwambia. Tuliwaambia watu wote wa nyumba hii, hatukumwambia yeye! Na nani angeweza kumwambia? Ungeanzaje?

Bibi kashika sinia, hajui aliweke wapi. Anatazama huku kwenye pazia langu. Kulirudisha ni kumtukana jirani. Kulificha haiwezekani, harufu imeshamfikia mgeni, namsikia Bwana Tobias akisema, ah, Mzee, mmejisumbua tena!

Neno lake Baba amelikata katikati. Sema, Baba. Malizia tu.

Bibi amejifuta uso. Amenyoosha mgongo. Ananiita kwa ile sauti yake ya wageni: Kuluthumu! Lete birika, mgeni anawe mikono.