Dereva wa Jumamosi Apanda Treni

Jumamosi jioni, giza bado. Jua limewaka siku nzima, lakini upepo wa Mei hapa Toronto hauna adabu, unapenya mpaka kwenye matundu ya vifungo. Pua imeungua, miguu inaniuma, na nimefurahi. Nimefurahi mpaka naona haya.

Naandika Kiswahili kwa sababu watoto wangu hawakisomi. Kukisikia wanakisikia, ukisema chakula tayari wanakuja mbio, ila wanakujibu Kiingereza. Kwa hiyo hapa naweza kusema ukweli bila kupigiwa simu na mtu.

Ukweli wenyewe ni huu: mwezi mzima nimekuwa mwongo.

Daktari alisema presha ya macho imenila pembeni. Mbele naona vizuri, hata namba ya basi naisoma, ila mtu akinijia ubavuni simjui mpaka anisalimie. Haikupita muda, leseni ikachukuliwa. Na daktari sikubishana. Nilibishana na mke wangu, Shirin, asiye na kosa lolote, siku tatu mfululizo, tena kwa Kigujarati, maana Kiswahili chetu cha Mwanza tumekiweka kwa ajili ya utani.

Asiyenijua atasema, leseni tu hiyo, mzee, panda basi. Hajui. Tangu nifunge duka langu la vitambaa, mimi ndiye dereva wa Jumamosi. Nampitia Mama Zarina, mjane, jengo la pili kutoka letu hapa Don Mills. Halafu nampitia Mzee Fidelis, Mgoa wa Tanga, mwenye mkongojo na maneno mengi. Nawapeleka sokoni, kutazama wagonjwa, kwenye misiba, popote. Mama Zarina hukaa nyuma yangu, pochi magotini, na hunitangazia taa nyekundu nikiwa nimeshasimama. Kila Ijumaa hupiga simu kuuliza swali lile lile: "Sadru, kesho unanipitia saa ngapi?"

Ijumaa ya kwanza bila leseni nilimwambia gari liko gereji. Ya pili nikasema bado. Ya tatu nikasema fundi anasubiri kipuri, nikakitaja na jina kabisa, Mungu anisamehe. Ya nne ilikuwa jana. Simu haikulia. Nilikaa karibu nayo mpaka wakati wa kulala, na hilo liliniuma kuliko maneno ya daktari.

Nilijua nini kimeniuma. Kama siwapitii watu, mimi ni nani kwao? Mzee mmoja tu wa ghorofa ya tisa.

Safari ya leo ilikuwa wazo la Shirin. Jumatano alitandaza ratiba ya treni mezani, katikati ya vikombe vya chai, akasema miaka yote hii tumeijua nchi kwa barabara kuu na vituo vya mafuta tu. Nichague mji mmoja, twende asubuhi, turudi jioni.

Nikaanza ubishi wangu. Niagara? Wageni nimewapeleka mpaka maporomoko yenyewe yamenizoea, na kutoka stesheni hadi majini ni mbali, miguu ya Mama Zarina haifiki. Hamilton? Kule kuna mlima. Guelph je? Guelph kuna kanisa zuri sana, lakini liko juu ya kilima, na Mzee Fidelis akiliona tu atataka kupanda, na akipanda nani atamshusha?

Shirin akaweka kikombe chini. "Baba Karim, Fidelis ametokea wapi? Tunakwenda wawili."

Kumbe mwenyewe nilikuwa sijui. Nimepewa ratiba nichague matembezi yangu na mke wangu, nami nimekaa nawapangia abiria.

Tukaangukia Barrie, kwa kuwa treni haibadilishwi njiani na reli inaishia kando ya ziwa, kama kwetu Mwanza. Shirin alikaanga kachori za kutosha behewa zima. Tulifika stesheni kuu mapema mno, tukakaa kama watu wanaohamia mji mwingine, vikapu vitatu kwa safari ya kwenda na kurudi.

Tulipanda ghorofa ya juu ya treni. Na hapo, jamani, mguu wangu wa kulia ukaanza vituko. Kila treni ikikaribia kituo unakanyaga breki. Mara ya tano Shirin akaweka kikapu juu yake, akasema mguu huo nao upumzike, umefanya kazi sana.

Baada ya vituo kadhaa nikagundua jambo. Dereva haruhusiwi kugeuza shingo, anakodolea macho lori la mbele. Abiria anageuza anavyotaka! Karibu na Bradford yalitokea mashamba ya mboga, udongo mweusi tii, mistari imenyooka, watu wameinama wanapanda. Barabara ya kwenda huko nimeipita mara zisizo na idadi, na sikuwahi kuwaona watu wale. Macho haya mabovu ndiyo yaliyowaona leo. Nilitokwa na machozi kidogo, nikamwambia Shirin ni pilipili ya kachori.

Barrie tukashuka. Ziwa lile pale, huhitaji kuuliza njia. Shirin akaanza kupiga picha, mimi nikaanza kuhesabu hatua kutoka treni hadi benchi la kwanza. Nikajaribu benchi, lina pa kuegemea. Nikaenda kukagua choo, safi. Njia tambarare, mkongojo utapita. Niliporudi, Shirin alikuwa ananitazama, mikono kiunoni.

"Umemaliza ukaguzi?"

Nikasema nimemaliza. Akanipa simu. Hakuniambia nimpigie nani.

Mama Zarina alipopokea nilisema yote kwa pumzi moja kabla sijabadili nia: kwamba gari liko chini ya jengo, limefunikwa turubai, zima kabisa. Kwamba kilichoharibika ni macho yangu. Kwamba sitampitia tena kwa gari, siku yoyote, na anisamehe, nilishindwa kusema.

Bata mmoja akapita mbele yetu, akatazama kachori.

"Nakujua wewe," akasema. "Gereji mwezi mzima? Wiki mbili zilizopita nilikuona kituo cha basi, nikajificha nyuma ya mti usije ukaaibika. Mimi, na magoti haya, najificha nyuma ya mti!"

Nikacheka, naye akacheka, halafu hatukucheka tena. Akasema binti yake alitaka kumpeleka sokoni Jumamosi hizi zote, naye akakataa. Alikuwa ananingoja niseme. Jana hakupiga kwa kuwa hakutaka kunipa nafasi ya uongo wa nne.

Nikamweleza kuhusu treni. Nikamweleza mashamba, benchi lenye pa kuegemea, choo, hatua arobaini na mbili. Nikasema Mzee Fidelis nitampigia mwenyewe. Alisikiliza bila kunikatiza, na hilo si kawaida yake. Kisha akavuta pumzi, nikamsikia anasogeza kiti.

"Haya. Jumamosi unanipitia saa ngapi?"

Ilibidi nimpe Shirin simu kidogo, nijifute uso. Nilipoirudisha sikioni nilimwambia saa mbili kamili, na awe tayari amevaa viatu, maana treni si Sadru, haimngoji mtu.

Nitampitia kwa miguu. Ni jengo la pili tu, na njia yenyewe naiona vizuri.