Barua za Ndani ya Karto ya Sabuni

Mujukuu wangu Feza,

Huku Kabambare tuko wazima. Mama yako amevuna karanga. Mimi ni magoti tu yananisumbua. Na wewe huko Kindu?

Unaniuliza kama ufute notifikasio zote za ule mutandao wa kazi bila kuzisoma, maana zimekuzidi. Kaka yako alinionyesha zake kwenye telefone, nikachanganyikiwa kabisa. Eti mutu anaangalia ukurasa wako halafu anaondoka bila hata kusalimia? Na unampongeza mutu usiyemujua?

Nakumbuka kule Salamabila, nilipokuwa musichana nikiuza dukani kwa mujomba. Wachuuzi walituachia barua walizoandikiwa watu wa mugodi, waje kuzichukua, tukazitia ndani ya karto tupu ya sabuni. Ikajaa mpaka nikaichoka. Siku moja nikawashia moto barua zote, bila kuangalia majina, nikapika wali.

Ijumaa Mama Zaina wa kule mugodini akaja, kama kila Ijumaa, kuulizia barua ya mume wake aliyesafiri.

“Yangu iko?”

“Hakuna, mama.”

Mpaka leo sijui kama nilimuambia kweli.

Koko wako