Jina la Baba Njeri

Alhamisi, 7 Agosti

Nimechimba viazi tangu asubuhi. Mgongo umekataa. Saa nane nikaosha miguu nikaenda kamati ya kanisa, na matope bado kwa kucha. Tunatafuta mzee wa kanisa. Pasta alikuja na jina tayari: Baba Njeri. Anaomba vizuri. Ana lori. Hakosi matanga ya mtu hapa Dundori. Wote tukaitikia. Na mimi pia. Nilitaka tu kwenda kukamua ng'ombe.

Jumapili, 10 Agosti

Jina limesomwa kanisani. Litasomwa tena Jumapili ijayo, na mwenye neno amwendee pasta kabla ya hapo. Ndiyo desturi yetu. Wote wakinyamaza, mtu anawekewa mikono.

Watu wamepiga makofi. Tulipofika nje, karibu na tangi la maji, mambo yakawa mengine. Mama Kibe, yule mjane wa kule juu, anasema Baba Njeri amenunua viazi vyake kwa lumbesa tena. Gunia likashonewa kichwa cha neti mpaka likamzidi kimo, na bei ikawa ile ya gunia la kawaida. Wengine wakasema hata sisi. Nikauliza, nani atamwambia pasta? Kila mtu akakumbuka ana ng'ombe nyumbani.

Wameniudhi. Nimejiudhi pia.

Jumanne, 12 Agosti

Mvua. Shamba haliingiliki. Nimeketi nikifikiria ambacho sitaki kufikiria.

Mume wangu alipokufa, gari la mochari lilikwama kwa matope kule chini. Baba Njeri ndiye aliweka jeneza begani, yeye na vijana wake, mpaka hapa nyumbani. Suti yake yote tope. Mtu kama huyo unamsemaje?

Lakini Maandiko yanataka mzee asipende faida ya aibu, na hata walio nje ya kanisa wamshuhudie vyema. Hayasemi awe na lori. Kwa kamati hakuna aliyeuliza anavyonunua viazi. Hata mimi sikuuliza, na vyangu ananunua yeye.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeenda kwake kwanza, peke yangu, vile Bwana alifundisha. Mama Njeri, rafiki yangu wa maombi, akanipa chai. Nikamwambia mume wake yote.

Hakukasirika. Hilo ndilo limeniumiza. Akasema, "Mama Wairimu, biashara ni biashara, kanisa ni kanisa. Na hiyo viazi yako iko stoo, nani mwingine atapanda huku na hii barabara?"

Sikumaliza chai. Viazi hivyo ndivyo karo ya Wairimu muhula ujao. Anajua.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimemwambia pasta. Akauliza kama kuna wengine. Nikasema wako, lakini hawatakuja. Akasema anatamani hata mimi ningenyamaza. Angalau huyo amesema ukweli. Atazunguka nyumba kwa nyumba kesho, aulize mwenyewe.

Naogopa. Sina la kuongeza.

Jumapili, 17 Agosti

Sijui pasta aliambiwa nini jana kwa hizo nyumba, lakini leo hakusoma jina. Alisema tuzidi kuomba, tulikuwa na haraka. Baba Njeri alikaa kiti cha nyuma, macho chini. Mama Njeri alihamia upande wa kwaya, na nafasi yake kando yangu ikakaa wazi ibada nzima. Hiyo imeuma kuliko hofu ya kukosa lori.

Mama Kibe alinifinya mkono mlangoni bila kuniangalia. Sasa ndiyo ana mkono, siku ile hakuwa na mdomo wa kumwendea pasta. Nikamwambia asante, kwa sababu ni Jumapili.

Jumatano, 20 Agosti

Lori limepita asubuhi. Halikusimama. Nilikuwa nimefungua geti, kwa mazoea tu. Nikalifunga.

Viazi vingine huko stoo vimeanza kuoza na hii baridi. Tumevichagua na Wairimu, hakuuliza kitu. Kuna mama wa soko Nakuru anasema atachukua kidogo kidogo, nikivifikisha barabara ya lami kwa punda. Tutaona.

Kesho kamati tena. Nitaenda. Safari hii tuanze kwa kuuliza majirani wa mtu, ndio tuje kwa maombi yake.

Nimejaribu kumwombea Baba Njeri. Nilifika kwa jina nikakwama. Nikasema, Bwana, huyu alimbeba mume wangu. Nikaishia hapo. Amina.