Kipimo cha Mkono wa Kulia

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Shikamoo yako uliyompa baba yako kwenye simu nimeipata, marahaba. Sisi wazima. Baba yako analalamikia magoti, lakini siku akikosa la kulalamikia ndipo nitakapomwita daktari. Wewe je? Baridi ya huko imepungua, au bado unalala na soksi?

Uliondoka ukaniachia amri, nami nimetii. Nimepima mkono kama yule mtaalamu wa viungo alivyotuelekeza baada ya upasuaji: kiganjani, kwenye kifundo, chini ya kiwiko, juu ya kiwiko. Hapo juu ya kiwiko ni sentimita thelathini na moja, vilevile kama mwezi uliopita. Kumfundisha fundi cherehani kushika futi ni kumfundisha samaki kuogelea, ila kwa kuwa ni wewe nimenyamaza.

Usijitie presha. Titi la kulia limekwenda, na ugonjwa umekwenda nalo. Nimerudi kazini, na sare za shule zimenijaa mpaka kitandani.

Mama yako.


27 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta salama, wewe na baba na magoti yake. Mimi mzima. Soksi bado nalala nazo.

Ahsante kwa vipimo. Ningeweza kukuuliza kwenye simu, lakini huko wewe husema "mzima kabisa" kabla sijamaliza swali. Niambie na mengine: mkono unakuwa mzito jioni? Pete inabana? Yule mtaalamu alisema kwa kuwa walitoa tezi za kwapani, maji ya mwilini yanaweza kukosa njia na kujaa mkononi, hata baada ya miaka. Ukiwahi, uvimbe unatulizwa. Ukichelewa, mkono unakakamaa, na mimi sitaki kukuona umekaa mbele ya cherehani huwezi kukunja kiwiko. Na uvae kastabini kidoleni, sindano isikuchome ukapata kidonda.

Mwanao, Kitindamimba.


15 Juni

Mwanangu,

Pole na kazi ya udobi. Usinune kwa kimya changu, nguo zilikuwa nyingi. Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu.

Vipimo ni vilevile, thelathini na moja. Kastabini niliivaa siku mbili, nikahisi kidole kimevaa sufuria, nikaitupa kwenye boksi la vifungo.

Baba yako amekuwa mkimya. Tangu nitoke hospitali ananipisha chumbani kama nimebeba maji ya moto, na akilala anageukia ukutani. Labda hapendi kuniona nilivyo sasa. Haya si ya kumwandikia mtoto, lakini umekua, na mwingine wa kumwambia sina.

Ile blauzi ya bluu, ya kitambaa ulichonitumia, imerudi ikapungua baada ya kufuliwa. Ilinibana mpaka nikafumua mkono wa kulia na kuongeza kipande. Vitambaa vya siku hizi havina adabu.

Mama yako.


27 Juni

Mama,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, unisamehe.

Nafua nguo za watu kutwa nzima. Nimeona zikirudi urefu, nimeona zikirudi upana. Sijaona hata moja iliyorudi mkono mmoja ikauacha mwingine.

Mama, unapima mkono upi?

Nimesimama mbele ya kioo na futi uliyonipa, nikajaribu. Nikiishika kwa mkono wa kulia kama unavyoishika wewe, ninaoweza kuupima ni wa kushoto tu. Na wewe umepasuliwa kulia! Miezi yote hii umenitumia habari za mkono mzima.

Mpe baba futi apime yote miwili, halafu nenda kliniki. Naogopa, mama. Kama huendi kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu.

Mwanao.


19 Agosti

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Najua nimekuweka roho juu. Simu nilimwachia baba yako makusudi, naye kila ukiuliza anakujibu "mama ataandika." Sasa naandika.

Ulikuwa sahihi. Katika ufundi wetu mteja hupimwa mkono mmoja, na mikono ya nguo inakatwa sawa. Mazoea yana taabu: sikufikiri kabisa kwamba mwili unaweza kukataa kuwa sawa. Lakini siku ile nafumua blauzi, moyo uliniambia, nikaunyamazisha. Nilidhani mkono ukivimba ndiyo kansa imerudi, na nikaona heri nisijue.

Nilipompa baba yako futi, muashi huyo akaiweka kando, akaleta ile yake ya chuma ya kupimia kuta. Nikamwambia mimi si ukuta. Akacheka, mara ya kwanza tangu hospitali. Akapima kushoto, thelathini na moja. Akapima kulia, thelathini na nne. Akarudia, ikawa ileile. Asubuhi nilimkuta mlangoni na viatu amevaa, magoti yamepona ghafla.

Huko kliniki mtaalamu alipima mikono yote miwili, kila alama na mwenzake. Akabonyeza wa kulia kwa kidole gumba, kishimo kikabaki. Daktari naye akanipapasa kwapani na kifuani, wakanipiga picha. Nilikuwa nasubiri majibu hayo ndipo nikuandikie. Ugonjwa haujarudi. Ni yale maji yaliyokosa njia. Walinifunga bandeji wiki kadhaa, sasa navaa soksi ya mkono inayobana, na aliyeishona angekuwa mwanafunzi wangu ningemrudisha nyumbani. Wamesema uvimbe huu hauishi kabisa, ila unatawalika. Cherehani sijakatazwa. Kastabini nimeitoa kwenye boksi.

Blauzi nimeikata upya, kila mkono kwa kipimo chake.

Mpimaji sasa ni baba yako. Nilimuuliza kwa nini alikuwa ananikimbia. Akasema, "Nilidhani nikikugusa nitakuumiza." Kumbe tulikuwa tunaogopa wote wawili, kila mtu upande wake wa kitanda. Jana alipima tena, uvimbe umepungua kidogo. Akakunja futi, akaiweka mezani, ila mkono wangu hakuuachia.

Mama yako.