Fundi wa Tano

Dada yangu mpenzi,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto wote. Natumaini goti linapata nafuu, ingawa najua bado unapanda ngazi na ndoo ya nguo kwa sababu huambiliki. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inaumwa.

Najua mnashangilia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mezani kwangu kazini, unacheka na kulia kwa pamoja kwamba mwanao amepata kazi ya ufundi kwenye kiwanda anakofanya kazi mama yake mdogo, na kwamba Jumatatu anamuaga Mzee Spana na kibanda chake cha kutengeneza pampu. Tafadhali, asimuage kabla hujaimaliza barua hii. Ningepiga simu, lakini ungenikatiza.

Huwa unauliza kazi yangu hasa ni nini. Natengeneza dashibodi. Si ya gari. Ni ukurasa wa kompyuta wenye michoro ya rangi, unaoonyesha kila idara ina wanawake wangapi na wanaume wangapi, nani kapanda cheo, nani kaacha kazi. Zamani hakuna aliyeufungua. Mwaka huu wanunuzi wakubwa wamesema hawatasaini mkataba mpaka wawaone wanawake katika kila idara, basi wakubwa wetu wote wameamka watetezi wa wanawake. Hata mimi nimepewa cheo cha kiongozi wa takwimu, mshahara uleule, kiti kilekile kinachoyumba, ili safu ya wanawake kwenye uongozi inone.

Karakana ndiyo iliyowatia tumbo joto. Ina mafundi wanawake wanne tu, na wanunuzi wana kanuni kwamba kundi lisilofika watu watano halionyeshwi, ili mshahara wa mtu mmoja mmoja usijulikane. Kwa hiyo kwenye skrini safu ya mafundi wanawake ilikuwa tupu. Mkuu wa utumishi alisimama nyuma yangu akiitazama, akasema pengo lile litawafanya wageni, yaani wanunuzi wanaokuja kukagua, waulize maswali. Wiki iliyofuata mwanao akaitwa.

Jana niliagizwa niandae makadirio ya robo mwaka ijayo. Mafundi wanawake wakatoka wanne, si watano. Nikadhani nimekosea, nikarudia, wakatoka walewale wanne. Nilipofungua taarifa zao nikaona nafasi ya mwanao imeshawekewa tarehe ya mwisho, siku chache baada ya wageni kuondoka. Hicho ndicho kile kipindi cha majaribio alichoandikiwa kwenye mkataba. Nikaenda karakana kuuliza kama wamemwagizia sanduku la zana. Msimamizi akasema hajaambiwa habari za zana. Kilichokuja ni ovaroli mpya na kofia ngumu nyeupe, ya kupigia picha.

Nilimfuata mkuu wa utumishi. Alicheka, akasema vijana hawakosi pa kwenda, akaniomba nimhimize binti yetu asichelewe kuripoti. Nilitamani kumrushia ile kofia.

Sasa dada, nisikilize bila kunitukana. Jina lake nililitaja mimi. Siku ile ya pengo mkuu aliniuliza kama namjua fundi yeyote mwanamke, nami nikavimba kichwa, nikamsifu mwanao mpaka mate yakanikauka. Kwa miaka nimewaomba wamsaili, wakawa wananijibu kazi ni nzito kwa msichana. Nilidhani hatimaye wamenisikia. Walikuwa wanahesabu tu, na mimi ndiye niliyewapa namba.

Mwambie asije. Safu ibaki tupu, wageni waulize. Wakijua ni mimi niliyemzuia, kwenye uongozi nako atapungua mwanamke mmoja, na mchoro wa kuonyesha hilo itabidi wautafutie mtu mwingine. Yeye abaki kwa Mzee Spana, ambako hakuna anayemhesabu, lakini pampu ikigoma kuvuta maji, anaitwa yeye.

Msalimie shemeji, na goti ulikande. Binti akikasirika, mpe barua hii aisome mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye aibu na upendo.