Maganda Niliyompa Madoa

Sekela,

Wewe mwanamke una kiburi mpaka kwenye kufa. Miaka yote tumekaa ua mmoja, mume mmoja, moshi wangu unaingia kwako na wako kwangu, halafu unaondoka kwa homa ya siku mbili bila kunieleza muhogo wako unatengenezwaje! Nani alikutuma ufe haraka hivyo?

Najua ungesema, "Dada, nilitaka kukuonyesha ukageuza uso." Ni kweli. Niligeuza.

Mimi ni mtu wa Uyole, nimekulia baridini, kwenye mahindi na viazi. Nilipomfuata mzee huku Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, muhogo niliujua ni amri ya bwana shamba, watu wanapanda ili wasitozwe faini. Ukaja wewe mke mdogo kutoka kwenu ziwani, ukampa ng'ombe muhogo huo! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikawaita wanawake kisimani, "Njooni muone, mwenzangu anamtengenezea ng'ombe chakula kama mkwe!" Nawe ukacheka nao, ukaendelea kukata vipande na kuvianika juu ya mwamba. Kiangazi kikaja, nyasi zikawa vumbi, ng'ombe wa majirani wakakauka. Ng'ombe wako Madoa akajaza kibuyu maziwa. Ukaniletea mimi kwanza. Nikanywa. Asante sikusema, mdomo ulikuwa mzito.

Sasa sikia mabaya.

Tulipokuzika, Madoa alibaki mikononi mwangu. Mzee alikupa yule ng'ombe mbele ya watu, enzi za uhai wake, nawe ulisema ukifa ni wa mwanao Tumpe, watoto wake wasikose maziwa. Nikasema nitamtunza mpaka Tumpe aje. Vile vipande vikavu ulivyoacha vikaisha. Nikang'oa muhogo shambani kwako, ule mchungu, nikamenya, maganda mabichi nikamjazia karai zima. Si uvivu, Sekela. Niliona kule kuanika kwako siku nne ni madaha tu ya watu wa ziwani. Alikula kwa furaha, akanilamba mkono. Jua halijafika kichwani akaanza kuhema, mate yanamtoka, miguu inatetemeka. Akaanguka. Nikamshika kichwa nikaita jina lako, si jina lake. Akafa.

Hapo ndipo nilipokumbuka ulivyokuwa unafukuza mbuzi kwenye maganda mabichi. Nilidhani uchoyo, kumbe ni sumu mpaka jua liitoe.

Ndama wake jike alikuwa amefungwa upande wa pili, hakula. Huyo yupo.

Watu walipokuja nikawaambia nyoka. Wakaamini! Shemeji akachoma majani yote nyuma ya zizi akimtafuta huyo nyoka. Wazee wakanipa pole, nikapokea kwa uso mkavu. Mimi, niliyewachapa wajukuu kwa uongo mdogo kuliko huo!

Wanadhani mke mwenza akifa mwenzake anapumua. Sipumui. Asubuhi nasikiliza upande wako, hakuna anayekohoa, hakuna anayewatukana kuku wangu. Nigombane na nani? Uji nimepika wa watu wawili mara tatu sasa, nikaumwaga na kujitukana mwenyewe. Ah, Sekela. Ungeumwa hata mwezi mmoja, tungegombana vizuri, nikakuuliza.

Tumpe anafika kesho kumaliza matanga. Hajui kitu. Nilikuwa nimeshaupanga ule uongo wa nyoka kwa ajili yake pia, nikashindwa. Ndiyo maana nimekaa tangu asubuhi na haya maandishi yangu ya darasa la ubatizo, makubwa na mabaya. Nitampa barua akusomee kaburini, kwa sauti, shemeji akisikia na wale wa kisimani wakisikia. Nami nitasimama hapohapo. Wacheke, zamu yao.

Kwaheri, mdogo wangu. Ndama wako atazikuta mvua akiwa hai, nakuahidi, hata nikilala naye zizini. Nenda kapumzike, usinisubiri mlangoni, mimi nina kazi.

Na wewe Tumpe unayesoma, usilie kwanza. Kunja karatasi, twende shambani kwa mama yako. Ng'oa, menya, kata, anika, mimi nitakaa chini nitazame kila kitu. Nikikosea nikaripie mbele za watu. Twende, jua bado lipo.